Bima kwa Biashara Changa: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaofungua biashara yao ya kwanza hapa Dar es Salaam. Swali la fremu ya Kariakoo tumelijibu kwa kirefu, kwa kuwa linawagusa wengi na ndilo lenye mitego mingi.

Nimepata fremu Kariakoo ya kuuza vitenge na madira. Mzigo wa dukani unafika shilingi milioni 30, na mwingine wa milioni 18 uko stoo, mtaa wa pili. Wakala ananiambia nikate bima ya moto ya milioni 20, "inatosha kwa kuanzia". Mwenye nyumba naye anasema jengo lake lina bima, nisihangaike. Nimsikilize nani? (Dada wa vitenge, Kariakoo)

Dada, kwa hili usimsikilize hata mmoja wao.

Tuanze na mwenye nyumba. Bima yake ni ya kuta, sakafu, paa na nyaya zake. Kitenge chako hakimo. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021 na soko la Karume likaungua Januari 2022. Mwaka huohuo wa 2022 sheria ikabadilishwa, na bima ya masoko ya umma na majengo ya biashara ikawa ya lazima. Wapangaji wengi wakadhani na wao wamefunikwa humo. Hapana. Bima ya jengo humlipa mwenye jengo, na mali ya mpangaji inahitaji hati yake yenyewe, yenye jina la mpangaji.

Sasa stoo. Hati ya bima ya moto hutaja mahali: mtaa, jengo, ghorofa, namba ya fremu. Mali ikiwa mahali ambapo hapakutajwa, ni kana kwamba haina bima. Wafanyabiashara wa Kariakoo huumia sana hapa, maana mzigo mkubwa mara nyingi uko stoo na dukani kuna sampuli na wa kuuzia siku mbili tatu. Kwenye fomu andika sehemu zote mbili, kila moja na thamani yake. Ukihamisha stoo, hata kama ni kuvuka barabara tu, peleka barua siku hiyohiyo na udai kiambatisho cha mabadiliko. Kumpigia wakala simu hakutoshi.

Ushauri wa milioni 20 ndio mbaya kuliko yote, tena unasikika wa busara. Hati karibu zote za mali zina sharti la uwiano: ukikata bima chini ya thamani halisi, kampuni inakuhesabu kuwa umeamua kubeba sehemu ya hasara mwenyewe, hata hasara ikiwa ndogo. Piga hesabu. Dukani kuna mali ya milioni 30, umekatia milioni 20, yaani theluthi mbili. Moto unaunguza mzigo wa milioni 12. Wewe unasema, "Milioni 12 ni chini ya 20, watanilipa yote." Watachukua theluthi mbili ya 12, ambayo ni milioni 8. Kisha wataondoa kiasi unachobeba mwenyewe kila unapodai, ambacho watu wa bima hukiita eksesi. Ikiwa ni asilimia 10, inaondoka 800,000. Unabaki na milioni 7.2 kwa hasara ya milioni 12. Na kama moto umewaka stoo, hupati hata senti.

Angalia na upande wa gharama. Tuseme kiwango ulichopewa ni asilimia 0.25 kwa mwaka (huu ni mfano wa hesabu tu, kampuni hutofautiana, na nyingi zina ada ya chini kabisa wanayotoza). Milioni 20 itakugharimu 50,000, na ukiongeza asilimia 18 ya VAT inakuwa 59,000. Milioni 48 yote itakugharimu 120,000, pamoja na VAT ni 141,600. Tofauti ni 82,600 kwa mwaka mzima. Kwa kuokoa fedha hiyo unaacha stoo nzima wazi na theluthi moja ya duka.

Thamani inayokatiwa bima ni gharama iliyokufikishia mzigo dukani: bei ya kununua, usafiri, ushuru. Usiandike bei ya kuuzia, kwa kuwa faida ambayo hujaipata hailipwi na hati hii, na utakuwa umelipa ada ya bure. Kilemba ulichomlipa mpangaji aliyetangulia nacho hakimo, wala kodi ya pango uliyolipa mbele. Lakini shelfu, kaunta, milango ya vioo na taa ulizofunga kwa fedha yako zinaweza kuingia, mradi uziandike kwenye mstari wake peke yake.

Mzigo unapanda na kushuka. Kama kabla ya Idi unajaza hadi milioni 60, omba nyongeza ya muda kwa miezi hiyo, au kata tangu mwanzo kwa kiwango cha juu kabisa mzigo unachofikia. Kukatia bima wastani wa mwaka ni kosa, maana moto hauji siku ya wastani.

Yako mambo mawili ambayo hati ya moto ya kawaida huyaacha nje, na Kariakoo yana uzito wake. La kwanza ni wizi unaotokea wakati wa moto au baada yake. Vijana wanaingia "kuokoa" mali na robota zinaondoka nao: hilo hesabu yake ni wizi, si moto. La pili ni jengo kuanguka lenyewe. Lile ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 halikuanguka kwa moto. Mwenye hati ya moto peke yake akipatwa na hali ya namna hiyo hana la kudai. Omba bima ya biashara ya mchanganyiko, inayoweka moto, wizi wa kuvunja, mafuriko na hatari nyingine katika hati moja, kisha uliza kwa maandishi: "Jengo likianguka bila moto, mzigo wangu unalipwa?" Jibu walitie sahihi.

Na kumbukumbu? Risiti za manunuzi za EFD (mashine ya risiti za kodi), nyaraka za forodha na daftari la stoo zipigwe picha kila wiki na zikae kwenye barua pepe au kwa ndugu. Daftari likiungua pamoja na duka, mkadiria hasara hana pa kuanzia, na mwenye kuumia ni wewe.

Benki imenipa mkopo wa milioni 15 wa duka la vifaa vya ujenzi Gongo la Mboto, na imenikata fedha ya "bima ya mkopo". Basi duka tayari lina bima? (Kaka mwenye duka, Gongo la Mboto)

Yaelekea halina, kaka. Makato ya jina hilo mara nyingi ni bima ya maisha ya mkopaji: ukifariki, na kwa baadhi ya hati ukipata ulemavu wa kudumu, deni linalipwa ili lisiwaangukie watoto. Ni jambo jema, ila saruji yako ikilowa au duka likiungua haihusiki, na marejesho utaendelea kuyatoa.

Nenda benki uombe nakala ya hati yenyewe, si risiti ya makato. Tazama palipoandikwa kitu kilichokatiwa bima. Kama ni "maisha ya mkopaji", duka liko wazi. Kama kuna bima ya mali, tazama kiasi. Kosa la kawaida ni kukata bima inayolingana na mkopo. Mkopo milioni 15, mali milioni 35: sharti la uwiano tuliloeleza hapo juu litakukamata shingoni. Na kwa kuwa benki imeandikwa kama mwenye haki ya kwanza, fidia itaanza kufuta deni lake na wewe utachukua masalio, kama yatakuwapo.

Neno moja kuhusu bidhaa zako. Rangi za mafuta, thina (ya kuzimulia rangi) na gundi ni vitu vinavyoshika moto upesi. Viandike kwenye fomu, na kiasi chake. Ada itapanda kidogo. Ukivificha na mkadiria akavikuta kwenye majivu, kampuni itasema ulificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wake, na kisheria itakuwa na hoja.

Nafungua sehemu ya kuoka mikate na maandazi Mbagala. Nina oveni ya gesi, mitungi minne mikubwa, friji mbili na mashine ya kukandia. Umeme wetu unakatika mara kwa mara, na masika maji hufika karibu na mlango. Bima gani inanifaa? (Mama wa mikate, Mbagala)

Mama, biashara yako ina hatari nne, na kila moja inashikwa kwa namna yake.

Gesi kwanza. Watu hudhani mlipuko na moto ni kitu kimoja. Hati ya moto ya kawaida hulipa mlipuko wa gesi ya matumizi ya nyumbani. Mitungi ya kuokea mikate ya kuuza ni ya biashara, kwa hiyo inabidi mlipuko uongezwe kwa maandishi kama hatari ya ziada. Mkaguzi wa kampuni atakapokuja atataka kuona mitungi iko nje au penye hewa ya kutosha, imesimama wima, mipira ya gesi haina nyufa, na kizimamoto kipo na tarehe ya ukaguzi wake haijapita. Kama jengo ni banda la mbao au limeezekwa makuti, sema mapema. Baadhi ya kampuni zitapandisha ada, nyingine zitakataa. Kukataliwa leo kuna afadhali kuliko kukataliwa siku ya madai.

Umeme. Umeme ukirudi kwa nguvu ukaunguza mota ya friji, hati ya moto hailipi friji hiyo. Inalipa moto uliotoka kwenye friji ukaenea kwenye vitu vingine. Kwa friji na mashine yenyewe kuna bima ya kuharibika kwa mitambo, na kwa siagi, maziwa na hamira vilivyoharibika kwa kukosa baridi kuna bima ya bidhaa za kugandishwa. Kwa biashara ya kiwango chako, tungekushauri ununue kwanza kifaa cha kulinda umeme kwa kila friji na mashine, halafu uipime bima ya mitambo mwaka wa pili ukishaona mapato.

Maji. Mafuriko ni hatari ya kuongezwa. Hayamo kwenye hati ya msingi. Masika yetu ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Kata kabla, kwa sababu hakuna kampuni itakayokukubalia maji yakiwa kibarazani. Soma pia sharti la chaga: hati nyingi hutaka bidhaa zikae juu ya sakafu kwa sentimita 10 hadi 15. Magunia ya unga yaliyopangwa chini kwenye sakafu, yakilowa, hayalipwi hata kama mafuriko yamekatiwa bima. Chaga za mbao hazina gharama kubwa, zitengeneze wiki hii.

Mwisho, mteja akiumwa tumbo kwa maandazi yako, au mtu akiteleza mlangoni akavunjika mkono, anaweza kukudai. Hiyo ni bima ya dhima kwa umma pamoja na dhima ya bidhaa. Unachagua kikomo cha malipo kwa tukio moja na kwa mwaka. Ukianza kupeleka mikate shuleni au kwenye maofisi, huenda wateja hao wakaidai kabla ya kukupa oda.

Pikipiki yangu ina bima ndogo ya matumizi binafsi. Sasa naitumia kusambaza chakula cha wateja. Nibadilishe? (Kijana wa Kinondoni)

Badilisha kabla ya safari ya kesho. Bima ndogo ndiyo ya lazima kisheria, na inamlipa mtu wa tatu uliyemdhuru. Pikipiki yako na chakula ulichobeba havimo. Lakini hata malipo ya huyo mtu wa tatu yanaweza kukurudia wewe kama chombo kimekatiwa matumizi binafsi na ajali imetokea kikiwa kazini kwa malipo, kwa kuwa kampuni inaweza kulipa kisha ikageuka kukudai wewe. Ada ya biashara ni kubwa zaidi, na ndiyo halali yako. Hakikisha pia leseni ya udereva ni ya daraja la pikipiki. Leseni ya gari haikuokoi.

Naagiza vifaa vya simu kutoka Guangzhou. Wakala wa mizigo anasema bima imo ndani ya bei yake. (Mwagizaji, Ilala)

Mwambie akuonyeshe cheti cha bima chenye jina lako, thamani ya mzigo wako na kampuni iliyosajiliwa Tanzania. Sheria ya Bima inataka mizigo inayoingia nchini ikatiwe bima na kampuni za hapa. Wasafirishaji wengi wakisema "bima imo" wanakusudia fidia yao wenyewe, inayohesabiwa kwa kilo au kwa katoni. Katoni ya vioo vya simu ina uzito mdogo na thamani kubwa, kwa hiyo fidia ya kilo ni kama hakuna.

Masharti ya mizigo ya bahari yana madaraja A, B na C. Daraja A linabeba karibu hatari zote isipokuwa zilizotajwa kuwa hazimo. Daraja C ni la matukio makubwa tu, kama meli kuzama, kuungua au kugongana, na wizi wa katoni mbili bandarini haumo. Kwa vifaa vya simu chukua A. Kiasi cha kukatia ni bei ya mzigo, bima na nauli, kisha kwa desturi huongezwa asilimia 10. Hasara ya ufungaji mbovu na ya ucheleweshaji hailipwi hata kwenye A, hivyo piga picha za ufungaji kabla mzigo haujaondoka. Bima ikatwe kabla ya meli kung'oa nanga. Na uulize inaishia wapi: bandarini, au hadi stoo yako? Ikiishia bandarini, ile safari ya kirikuu (kigari cha mizigo) kutoka bandarini hadi Ilala iko wazi.

Nimetumiwa hati ya bima kwa WhatsApp na mtu aliyejiita wakala, nikamlipa kwa namba yake ya simu. Nitajuaje kama ni halali? (Mwenye saluni, Sinza)

Ingia kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), weka namba ya kumbukumbu ya hati, utazame kama inatokea na kama jina, tarehe na kampuni vinafanana na ulivyopewa. Isipotokea, piga simu kwenye kampuni iliyotajwa kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye hati uliyotumiwa. Kulipa kwenye namba binafsi ya wakala ni hatari kwa sababu bima huanza pale ada inapolipwa. Fedha ikikaa mfukoni mwake wiki mbili, hizo ni wiki mbili ambazo huna bima. Siku nyingine lipa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo au kwenye akaunti ya kampuni.

Tofauti ya wakala na dalali nayo ijulikane. Wakala anauza kwa niaba ya kampuni. Dalali wa bima anakuwakilisha wewe na anaweza kukutafutia bei kwa kampuni kadhaa. Wote wawili lazima wawe na leseni ya TIRA, na wote kwa kawaida hulipwa kamisheni kutoka kwenye ada hiyohiyo.

Nina wasaidizi wawili dukani. Bima ya wizi itanilipa mmoja wao akiniibia? Na akiumia kazini? (Mwenye duka la dawa, Temeke)

Akikuibia, bima ya wizi hailipi. Hiyo inataka alama za kuvunja: kufuli lililokatwa, nondo zilizopindwa. Wizi wa mfanyakazi una bima yake, ya uaminifu wa wafanyakazi, na itakuuliza nani anashika fedha, nani anahesabu, kila baada ya muda gani. Kama muuzaji ndiye huyohuyo anayefunga hesabu, anza kutenganisha kazi hizo kabla hujajaza fomu.

Akiumia kazini, hilo ni la WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kila mwajiri anatakiwa kujisajili, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Mchango ni asilimia 0.5 ya mshahara na anaulipa mwajiri peke yake; kumkata mfanyakazi ni kosa. Mshahara wa 300,000 una mchango wa 1,500 kwa mwezi.

Duka langu la steshenari (vifaa vya kuandikia) liliungua nusu. Kampuni imeniletea karatasi ya kusaini, kiasi ni kidogo kuliko nilichodai. Nisaini nipate cha kuanzia? (Mama wa Ubungo)

Usisaini bado, mama. Soma kama imeandikwa "malipo kamili na ya mwisho". Ukitia sahihi hapo, mlango wa kudai kilichobaki umeufunga kwa mkono wako. Waombe kwa barua mchanganuo: thamani waliyoikubali, uwiano walioutumia, eksesi waliyoikata, na walichokipunguza kwa uchakavu. Omba pia walichoandikiwa na mkadiria hasara kuhusu mali yako. Mara nyingi pengo hutokana na bidhaa zisizo na risiti, na hilo linazibika. Wauzaji wa jumla uliowanunulia wanaweza kukupa nakala, na miamala ya simu inaonyesha uliwalipa lini na kiasi gani.

Kama kuna kiasi wasichokibishania, omba wakulipe hicho kama malipo ya awali na waandike wazi kwamba madai yanaendelea. Mabaki ya moto yasitupwe hadi mkadiria aseme kwa maandishi kwamba amemaliza. Nakala za taarifa ya Jeshi la Zimamoto na namba ya RB ya polisi kaa nazo mwenyewe.

Wakikaa kimya au wakishikilia bei yao bila maelezo, peleka malalamiko kwa maandishi kwa TIRA, au Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo haimtozi mlalamikaji. Ambatisha hati ya bima, risiti ya ada, fomu ya madai, barua zote mlizoandikiana na ile karatasi ambayo hujaisaini.